Usiku Mmoja Wandegeya Kabla ya Kipimo cha Utumbo

Askari hufundishwa mambo mengi katika chuo cha maofisa. Hufundishwa kusoma ramani usiku, kutambaa chini ya waya wa miba, kuamuru na kuamriwa. Hafundishwi kulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, akiwapa mgongo watu asiowajua huku mpira wenye kamera ukiingizwa katika njia yake ya haja kubwa. Ndiyo sababu mtu aliyewahi kusimama imara mbele ya risasi aweza kuikimbia karatasi ndogo ya daktari, akaikunja mara nne, akaificha chini ya godoro kwa muda wa miezi minane. Nasema hivyo kwa kuwa karatasi hiyo ilikuwa yangu.

Kipimo chenyewe huitwa kolonoskopia. Daktari huutazama utumbo mpana wote, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu, kwa kutumia mpira unaopindika, mwembamba kama kidole, wenye taa na kamera nchani. Chombo cha namna hiyo hakikuwako zamani. Mwaka 1957 daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, Basil Hirschowitz, alionyesha huko Marekani kwamba nyuzi laini za kioo zaweza kupitisha picha ndani ya mpira unaopindika. Na mwaka 1969 madaktari William Wolff na Hiromi Shinya, mjini New York, walifaulu kukata kinyama ndani ya utumbo kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa humo humo, bila kumpasua mgonjwa tumbo. Hilo la kukata ndilo jambo kubwa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kisichouma, ambacho huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kugeuka. Anayekiondoa mapema ameuzuia ugonjwa wenyewe, si kuugundua tu.

Marehemu baba yangu alikuwa sajini wa polisi. Kwa miaka miwili aliona damu chooni, na kwa miaka miwili alituambia kuwa ni bawasiri, maradhi ya watu wanaokaa kaunta usiku kucha. Alikunywa mizizi, akabadilisha mizizi. Alipopelekwa hospitali tumbo lilikuwa limefura na madaktari hawakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Alifariki mwaka 2016 katika chumba cha dada yake, hapo Wandegeya. Nilipoiona damu yangu mwenyewe nilikuwa na umri wa miaka 34, na neno la kwanza lililonijia mdomoni, bila kulitafuta, lilikuwa lile lile: bawasiri.

Ni kweli kwamba damu nyingi ya namna hiyo hutokana na bawasiri. Lakini hapana mtu awezaye kujua kwa kukisia. Damu katika choo, choo kilichobadilika mwenendo kwa majuma kadhaa, kukonda pasipo sababu, upungufu wa damu usioeleweka: lolote kati ya hayo lahitaji daktari. Na ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani hiyo hana haki ya kungoja uzee.

Wengine hujitetea kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Dai hilo lina asili yake, tena asili yake iko Mulago, mlima ulio jirani na Wandegeya. Hapo alifanya kazi Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, mtu wa jicho moja aliyepata kuwa daktari wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Burkitt alishangazwa na jinsi maradhi ya utumbo mpana yalivyokuwa haba kwa Waafrika aliowatibu. Baadaye yeye na wenzake walifanya jambo ambalo wengi wangelionea haya: walipima choo. Katika taarifa yao ya mwaka 1972, wanakijiji wa Uganda walikuwa na wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza pamoja na wake zao walikuwa na gramu 104, na saa zaidi ya 80. Sababu, alisema Burkitt, ni makapi ya chakula: nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga na viazi.

Lakini kijiji cha Burkitt si kambi ya leo. Tunakula posho ya unga mweupe, mkate mweupe, nyama ya kuchoma na bia, na wengi wetu hukaa ofisini au garini kutwa. Daftari la saratani la Kampala, ambalo watu wa Makerere wamelitunza tangu miaka ya 1950, laonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana imekuwa ikiongezeka. Uhaba wa zamani haumkingi mtu wa leo.

Sasa niseme juu ya hofu zenyewe, maana ziko zaidi ya moja na kila moja ina dawa yake. Baada ya kupimwa nilizungumza na wenzangu kadhaa, wa jeshi na wa polisi, na niligundua kuwa maumivu ndiyo waliyoyataja mwisho. Wa kwanza aliona haya ya kuvuliwa nguo mbele ya muuguzi mwanamke. Wa pili aliona kwamba jambo hilo lapunguza uanaume. Wa tatu, mtu wa upelelezi, alinong'ona kwamba ataropoka siri za kazi akiwa usingizini. Wa nne aliogopa bodi ya matibabu, kwamba jina likishaandikwa hospitali basi kazi imekwisha. Nami hofu yangu haikuwa mojawapo ya hizo. Niliogopa kuambiwa yale aliyoambiwa baba.

Kwa huyo wa upelelezi nina jawabu, kwa sababu nilimwuliza daktari swali hilo hilo. Alicheka. Dawa itolewayo humtuliza mtu na kumsahaulisha. Wapo wanaonung'unika maneno mawili matatu, lakini haimfungui mtu kinywa akatoa ripoti. Huyo wa bodi namwambia kwamba ugonjwa uliofichwa nao hufika mbele ya bodi, ila hufika ukiwa umekomaa.

Kazi ngumu ya kipimo hiki si kipimo, ni siku iliyotangulia. Siku tatu kabla niliacha maharage, mtama na matunda yenye mbegu. Siku moja kabla niliacha chakula kigumu chote, nikabaki na chai ya rangi, mchuzi uliochujwa na maji, bila kinywaji chekundu, maana rangi hiyo humdanganya daktari ikaonekana kama damu. Jioni ikaja dawa yenyewe: unga uliochanganywa na lita nne za maji, nusu usiku ule, nusu alfajiri. Atumiaye vidonge vya madini ya chuma, dawa ya kisukari au ya kuzuia damu isigande hana budi kumwambia daktari mapema, apangiwe.

Hapa naomba wakubwa wa kambi wanisikilize. Dawa hiyo haiwezi kunywewa katika bweni lenye choo kimoja kwa watu thelathini. Mtu huenda chooni mara kumi, mara kumi na tano, na hawezi kungoja foleni wala kupiga saluti njiani. Kama si shangazi yangu, ambaye sisi Waganda tunamwita Ssenga, nisingeliweza. Nyumba yake iko Wandegeya, nyuma ya barabara kuu, na choo ni chake peke yake. Tena kutoka hapo mpaka hospitali niliyopangiwa ni safari ya dakika chache, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyekunywa lita mbili za mwisho alfajiri.

Wandegeya usiku si mahali pa kufungia. Wanafunzi wa Makerere hushuka na njaa zao, na kando ya barabara makaa yamewaka, kuku wanageuzwa, mayai yanakaangwa na kuviringwa ndani ya chapati. Harufu yote hiyo ilipita dirishani nami nimekaa na jagi mapajani. Nilikunywa glasi moja kila robo saa. Glasi ya kwanza haikuwa na shida. Ya sita ilitaka kurudi. Ssenga aliichukua jagi akaiweka ndani ya beseni la maji ya barafu, akakata ndimu ninyonye kati ya glasi na glasi, na kweli ikapita. Alinipa pia mafuta ya kujipaka ngozi kabla kuhara hakujaanza, nami nikaona aibu kuyapokea.

"Mwanangu," akasema, "aibu ya nini? Mimi nilimwosha baba yako."

Kwa desturi za Buganda, Ssenga ndiye mwenye kusema yale ambayo wazazi hawayatamki. Huwafunda mabinti mambo ya mwili na ya ndoa. Kwa mwanamume wa jeshi hana wajibu huo. Usiku ule alijipa. Aliniambia kwamba baba aliwahi kupewa karatasi kama yangu, na kwamba yeye aliiona.

"Mbona hukumlazimisha, Ssenga?"

"Alikuwa polisi. Nani angemkamata?"

Hatukuzungumza tena mpaka saa nane za usiku, aliponigongea mlango wa choo kuuliza kama nimezimia.

Asubuhi, kabla ya kuingia chumba cha kipimo, nilimweleza muuguzi waziwazi kwamba naogopa. Namshauri kila mtu afanye hivyo, kwani wale watu hawawezi kuituliza hofu iliyofichwa nyuma ya cheo. Muuguzi, mama wa makamo, alinipa kaptula yenye mpasuo nyuma, akanifunika shuka, akasema, "Afande, hapa tunaona utumbo tu. Sura yako nitaisahau kabla ya chakula cha mchana." Akaniambia nivute pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa mdomo, na kwamba nikiumia niinue mkono, daktari atasimama. Sindano ikaingia mshipani. Nakumbuka tumbo kujaa, mfano wa mtu aliyekula muhogo mbichi, kwa sababu upepo hutiwa ndani ili utumbo ufunguke. Nakumbuka picha ya njia nyekundu yenye kung'aa katika kioo cha televisheni, nikadhani ni ya mtu mwingine. Halafu nilikuwa nikinywa chai. Shughuli yote ilichukua dakika zisizofika 40. Upepo uliobaki ulitoka wenyewe kwa kelele, na hakuna aliyecheka.

Sisemi kwamba hakina hatari. Utumbo waweza kutoboka, ingawa hutokea kwa wachache, chini ya mmoja katika kila watu elfu. Na mahali kinyama kilipokatwa paweza kuvuja damu. Maumivu makali ya tumbo, homa au damu nyingi baada ya kurudi nyumbani humrudisha mtu hospitali mara moja, si kesho. Tena dawa ya kutuliza hukaa mwilini: kwa siku nzima mtu asiendeshe gari wala asitie sahihi jambo la maana, na kwa askari naongeza, asichukue bunduki na asipangwe lindo. Aende na mtu wa kumrudisha.

Anayeona kipimo hiki chapunguza cheo na atazame walio juu. George W. Bush, akiwa amiri jeshi mkuu wa Marekani, alimkabidhi makamu wake Dick Cheney madaraka mwaka 2002 na tena mwaka 2007 ili apimwe utumbo. Joe Biden alifanya vivyo hivyo Novemba 2021, na kwa dakika 85 Kamala Harris akawa na madaraka ya rais. Habari ilitangazwa dunia nzima, pamoja na kinyama cha milimita 3 kilichoondolewa. Kwa upande mwingine, Pelé alikatwa uvimbe wa utumbo mpana Septemba 2021. Wakati huo ugonjwa ulikuwa na nguvu, naye akafariki Desemba 2022.

Mimi nilikutwa na bawasiri, kama nilivyojitabiria. Juu zaidi, mahali ambapo hapana damu iliyoonekana, palikuwa na vinyama viwili, kimoja cha milimita 12. Vilikatwa hapo hapo. Majuma mawili ya kungoja jawabu la maabara yalikuwa marefu kuliko usiku wa Wandegeya, na kwa hayo sikupata dawa yoyote ila kumpigia Ssenga simu kila jioni. Jawabu lilikuja kwamba kile kikubwa ni cha aina iwezayo kugeuka, ila kilikuwa bado. Nimepangiwa kurudi baada ya miaka 3.

Niliporejea kazini, koplo mmoja aliingia ofisini, akaufunga mlango, akasimama wima kama aliyeleta taarifa ya siri. "Afande," akauliza, "ile dawa ya lita nne ina ladha gani?" Nikamwambia ni kama maji ya chumvi yaliyotiwa sukari kidogo, na kwamba aiweke kwenye barafu. Akaandika katika daftari lake. Kisha akauliza hospitali hufungua saa ngapi.