Mtoto Wangu Ana Kisukari: Tutaishije?

Leo ningependa kuzungumza nawe mama, nawe baba, nyanya au shangazi unayemlea mtoto mwenye ugonjwa wa kisukari. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba kisukari ni ugonjwa wa wazee, tena wazee wenye pesa. Sivyo. Kisukari huwapata hata watoto wadogo, wa tajiri na wa maskini.

Hebu tuanze kwa mfano. Mtoto wa miaka 9 anaanza kukonda. Anakunywa maji kila mara na kukojoa kila mara. Aliacha kukojoa kitandani zamani, lakini sasa ameanza tena. Mama anadhani ni malaria, ananunua dawa dukani. Baada ya siku tatu mtoto anatapika na kupumua kwa kasi. Hospitalini anadungwa kidole, damu inapimwa, na mama anaambiwa: "Mtoto wako ana kisukari. Atahitaji sindano kila siku, maisha yake yote." Mama anasikia neno kisukari tu. Mengine yote yanampita.

Ikiwa wewe ni mama huyo, au unamjua mama kama huyo, mazungumzo ya leo ni yako.

Kwanza, ugonjwa huu ni nini? Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kongosho hutengeneza insulini. Insulini ni kama ufunguo: hufungua mlango ili sukari itokayo kwenye chakula iingie katika sehemu za mwili na kutupa nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho huwapata watoto wengi wenye kisukari, kinga ya mwili hukosea na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Ufunguo hakuna. Sukari inajaa kwenye damu huku mwili ukifa njaa.

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Si wewe uliyemletea mtoto ugonjwa huu. Haukuletwa na peremende wala soda. Hauambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Si laana, na si malipo ya kosa la mtu yeyote. Jirani au wakwe wakikunyooshea kidole, waeleze hivyo. Wasipoelewa, nenda nao kliniki siku moja wamsikie muuguzi.

Ni kawaida kulia. Ni kawaida kukataa kuamini, kukasirika, kuogopa, na kukosa usingizi. Wazazi wengi hupitia hapo. Hatari ni pale hofu inapotufanya tutafute njia ya mkato. Atakuja mtu na mitishamba, akuambie uache sindano kwa mwezi mmoja tu. Mwingine atasema mtoto ameombewa, kwa hivyo amepona. Omba mama, maombi hutia moyo, lakini usiache sindano. Mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza akinyimwa insulini anaweza kufa katika siku chache.

Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, watoto wote wa namna hii walikufa. Mnamo Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Alikuwa karibu kufa, naye akaishi miaka 13 zaidi. Leo, kwa dawa na vipimo tulivyo navyo, mtoto wako anaweza kusoma, kucheza kandanda, kuoa au kuolewa, na kuzeeka.

Sasa tuje kwenye kazi za kila siku. Utafundishwa kliniki jinsi ya kudunga sindano. Mahali pa kudunga ni tumboni, mapajani, kwenye matako au juu ya mkono upande wa nyuma. Badilisha mahali kila mara, kwa sababu ukidunga pamoja kila siku ngozi hufanya uvimbe na dawa haifanyi kazi vizuri. Kipimo cha dawa ni kile ulichoambiwa na daktari. Pima sukari kwa mashine na uandike katika daftari: tarehe, saa, sukari ilikuwa ngapi, na dawa uliyompa. Daftari hilo ndilo daktari atakalolitumia kurekebisha dawa. Sukari ikiwa juu usimkaripie mtoto. Mtoto anayekaripiwa kwa sababu ya namba ataanza kuandika namba za uongo.

Je, usipokuwa na friji? Vichupa ambavyo havijafunguliwa hukaa vizuri kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, lakini visigande. Insulini iliyoganda tupa. Kama huna friji, tumia vyungu viwili. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, na umwagie mchanga maji kila siku. Funga dawa kwenye mfuko wa plastiki, uweke katika chungu cha ndani, ufunike, na ukiweke kivulini penye upepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley kule Dadaab, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto la nyuzi 25 hadi 37 haikupoteza nguvu zake. Kwa hivyo kukosa friji kusikufanye ukate tamaa. Ila usiiache juani, wala ndani ya gari, wala karibu na jiko.

Na chakula? Usimpikie mtoto sufuria ya peke yake. Chakula kinachomfaa kinafaa nyumba nzima: ugali wa kiasi, mboga kwa wingi kama sukuma wiki, mchicha au kunde, na maharagwe, ndengu, omena au yai. Chai bila sukari. Ale kwa saa zinazolingana na sindano zake. Mkibadilika nyote, mtoto hatajiona ametengwa.

Kuna hatari mbili ambazo kila mtu nyumbani azijue. Ya kwanza ni sukari kushuka chini ya 4. Mtoto hutokwa na jasho, hutetemeka, husikia njaa ya ghafla, huwa mkali bila sababu au huchanganyikiwa. Mpe mara moja vijiko 2 hadi 3 vya chai vya sukari katika maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, umpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Akipata nafuu, mpe kitu cha kula. Akipoteza fahamu usimtilie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Ya pili ni sukari kupanda sana kwa kukosa insulini. Mtoto hutapika, huumwa na tumbo, hupumua kwa nguvu na kwa kasi, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva sana. Hiyo si ya kungoja kesho. Na akiwa na homa asile vizuri, usisimamishe insulini kwa wazo kwamba hajala. Mpe maji, mpime mara kwa mara, na uende kliniki siku hiyo hiyo ili waseme kama kipimo cha dawa kibadilishwe.

Mama, nenda shuleni ukaonane na mwalimu wa darasa. Mweleze dalili za sukari kushuka. Mwombe amruhusu mtoto kwenda chooni, kunywa maji, na kula kitu kidogo darasani akihitaji. Kila asubuhi hakikisha mtoto ana sukari mfukoni. Usifiche. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mtoto akianguka uwanjani na hakuna anayejua, atasaidiwa na nani?

Mtoto naye ana moyo. Atauliza, "Kwa nini mimi?" Usimwambie anyamaze. Mwambie, "Hata mimi sijui kwa nini, lakini tuko pamoja." Mpe kazi kidogo kidogo, leo achague mahali pa sindano, mwaka ujao ajipime mwenyewe. Akifika umri wa ujana anaweza kuchoka na kuruka sindano. Mkaribie badala ya kumfokea, na uendelee kumsimamia ingawa anajua kujidunga. Na wale ndugu zake wengine, wasisahauliwe.

Na wewe je? Anayeamka usiku kupima sukari huchoka. Mfundishe baba, nyanya au binti mkubwa kudunga na kupima, ili siku moja moja ulale. Ukiona huzuni haikuachi kwa wiki nyingi, huli, hutaki kuongea na mtu, mwambie muuguzi. Hiyo pia inatibika. Uliza kliniki kama kuna kikundi cha wazazi. Uliza pia kuhusu insulini ya bure: kuna kliniki humu nchini zinazowapa watoto na vijana insulini bila malipo kupitia mpango uitwao Changing Diabetes in Children.

Tukumbushane basi. Sindano isikosekane hata siku moja. Sukari iwe mfukoni kila mahali. Mwalimu ajue. Nyumba nzima ile chakula kimoja. Na mzigo huu usibebwe na mama peke yake.

Ikiwa kuna mtoto jirani anayekunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na kukonda, usingoje kipindi kijacho. Mwambie mamake leo aende akapimwe sukari.