Gemu Mpya ya KSh 9,000: Ununue Sasa au Ungoje?

Mshahara umeingia, na marafiki zako wote wanazungumzia gemu moja mpya. Unaitafuta mtandaoni, unapata bei ni dola 69.99. Dola moja ikiwa karibu KSh 130, hiyo ni kama KSh 9,100, kabla ya ada za kubadilisha pesa. Je, inafaa? Jibu letu: mara nyingi ngoja, lakini si kila mara.

Unalipia haraka

Chukua mfano wa EA SPORTS FC. Toleo jipya hutoka kila mwaka mwezi wa Septemba. Kufikia ofa za Black Friday mwezi wa Novemba, mara nyingi bei huwa imeshuka, na gemu ni ile ile. Aliyelipa bei kamili alilipia kutangulia kwa wiki chache. Kama mnacheza na marafiki kila jioni, hizo wiki zina maana. Kama hutaigusa hadi likizo ya Desemba, umelipa zaidi bure.

Gawa bei kwa saa

Gemu ya KSh 9,100 ukiicheza saa 100, kila saa imekugharimu KSh 91. Ukiimaliza kwa saa 13 na usiirudie tena, kila saa imekula KSh 700. Bei kamili ilipie gemu utakayocheza miezi mingi, si ya wikendi moja.

Diski au ya kupakua?

Diski unaweza kuiuza au kubadilishana na mwenzako ukichoka. Ya kupakua haiuziki. Ila angalia mashine yako kwanza: PS5 Digital Edition haiji na sehemu ya kuwekea diski. Kumbuka pia bando, kwa sababu gemu nyingi kubwa huzidi GB 50.

Ukinunua kwa Steam na usiipende, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujaicheza kwa saa 2 au zaidi.

Kuna za bure

eFootball, Fortnite na Rocket League huanzi kwa kulipa. Epic Games Store nayo hutoa gemu za bure za kompyuta kila wiki. Chunga tu vile vitu vidogo vinavyouzwa ndani ya gemu. Mia mbili hapa, mia tatu pale, na mwisho wa mwezi umefikisha bei ya gemu mpya.

Kabla hujabonyeza "Lipa"

- Kodi, chakula na karo vitangulie.
- Usinunue gemu kwa mkopo wa simu. Bei ya gemu itakuwa ikishuka huku deni lako likipanda.
- Weka KSh 350 kila wiki. Baada ya wiki 26 una KSh 9,100 kamili. Ofa ikija mapema, unanunua na chenji inabaki.
- Usiache kadi yako kwenye akaunti ambayo mtoto anatumia, na PIN yako usimpe mtu yeyote.

Ukishapita hapo na bado unaitaka, na pesa ni yako, nunua bila wasiwasi. Kujiburudisha si kosa. Shida ni pale gemu inapokula pesa ya kodi.