Sanamu na Shimo Lake

Mkulima wa Mtendeli, mkoani Kigoma, anachimba shimo la choo, jembe linagonga kitu kinacholia kama chungu. Akikitoa na kukipangusa, swali la kwanza la jirani litakuwa bei. Si swali baya, ila limewahi mno. Thamani ya sanamu ya udongo hutegemea mambo ambayo jembe hilohilo linaweza kuyafuta kwa dakika tano.

Utambuzi huanzia palipovunjika. Udongo uliofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni na majani makavu, bila tanuri, mara nyingi huwa mwekundu au kahawia kwa nje na mweusi katikati, kwa sababu moto haukudumu. Ndani utaona chembe za mchanga au vigae vilivyosagwa, ambavyo mfinyanzi huchanganya ili kazi yake isipasuke motoni. Mshono ulionyooka ubavuni ni alama ya kalibu. Kwa sanamu ya huku kwetu, hapo uwe na shaka.

Kisha nakshi. Vyungu vya kale vya Urewe, vilivyopata jina kutoka Siaya nchini Kenya, vina midomo iliyokatwa pembepembe na mistari iliyochorwa udongo ukiwa mbichi, na baadhi vina kibonyeo kitakoni kama alama ya kidole. Kule Kagera vimekutwa pamoja na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Nakshi ya kuviringisha kamba ya majani iliyosokotwa ilienea baadaye, yapata miaka 1,000 iliyopita, na wapo wafinyanzi wanaoitumia hadi leo. Hivyo kamba peke yake haithibitishi ukale. Mtendeli hilo lina uzito zaidi: kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa upya 2016 na kufungwa 2021 ilichimbua ardhi kubwa, na kigae utakachookota juujuu kinaweza kuwa na umri wa miaka michache tu. Kinachotenganisha cha juzi na cha kale ni tabaka la udongo kilimolala.

Wanunuzi wa Marekani waliwahi kulipia somo hili. Mwaka 1974 mfinyanzi wa Veracruz, Meksiko, Brígido Lara, alikamatwa akituhumiwa kupora sanamu za enzi za kabla ya Columbus. Akasema amezifinyanga mwenyewe. Aliletewa udongo gerezani, akatengeneza nyingine za mtindo uleule, na mwaka uliofuata akaachiwa. Kazi zake zilikuwa zimeshaingia katika makumbusho makubwa. Wataalamu walitazama uso wa sanamu, na hapakuwa na shimo la kuuliza.

Jirani zetu wa Uganda wana sanamu ya kweli yenye tatizo la namna hiyo. Wafungwa waliokuwa wakichimba Luzira, Kampala, mwaka 1929 walifukua vipande vya kichwa na mwili wa udongo, na leo vipo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Kwa miongo mingi umri wake ulikuwa wa kukisia. Mwaka 2008 wanaakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley walirudi kwenye vigae vilivyofukuliwa pamoja na sanamu hiyo, wakaiweka karibu na mwisho wa milenia ya kwanza. Vigae ndivyo vilivyokipa kichwa kile umri!

Na vigae vya aina hiyo tunavyo hapa mkoani kwetu Kigoma. Pale Uvinza, watafiti J.E.G. Sutton na Andrew Roberts walichimba penye chemchemi za chumvi katika miaka ya 1960, wakaonyesha kuwa watu walichemsha chumvi pale tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Sokoni vipande vile havinunui hata kilo ya sukari. Kwangu vina thamani zaidi kuliko sanamu nzuri isiyojulikana ilikotoka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa Tanganyika kabla ya 1863, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Jembe likigonga, simama. Piga picha kitu kikiwa palepale, pima kina, funika, umwite afisa utamaduni wa wilaya. Na tafadhali usikioshe: masizi yaliyoganda kwenye chungu yanaweza kupimwa maabara na kutaja umri wa moto uliokipikia.