Je, Wajua? Kijana wa Kikapu Kati ya Chuo na Kitita

Je, wajua kuwa kuna Mtanzania aliyechaguliwa NBA mbele ya Stephen Curry? Usiku wa Juni 25, 2009, jijini New York, timu zilikuwa zikigawana vijana wapya. Wa kwanza kuitwa alikuwa Blake Griffin. Wa pili alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, sentimita 221 kwenda juu, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies. James Harden akawa wa tatu, na Curry akasubiri mpaka namba 7.

Thabeet hakukurupuka. Alicheza misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa mtu wa kuogopwa chini ya goli, na mara mbili alitajwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East. Mwaka 2009 aliifikisha timu yake nusu fainali ya taifa. Lakini Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza wa kulipwa haujaisha, Memphis walimshusha ligi ya chini, kwenye timu ya Dakota Wizards. Mpaka siku hiyo hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho akashushwa huko. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na mara nyingi alikuwa akisugua benchi.

Vijiweni hukumu ni rahisi: angebaki chuo mwaka mmoja zaidi. Mimi sikubali. Curry naye alikaa mitatu, katika chuo kidogo cha Davidson. Harden alikaa miwili tu. Thabeet alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa kijana mkubwa, na alichokosa ni dakika za uwanjani. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati. Dakika za kumpa mwanafunzi zingetoka wapi?

Je, wajua kuwa kuna wakati kijana alitakiwa kuthibitisha ufukara wake ndipo aruhusiwe kuingia NBA? Kanuni ya zamani haikuwa na mchezo: mpaka ipite miaka minne tangu wenzako wa darasa moja wamalize sekondari, huruhusiwi. Hata Wilt Chamberlain, ambaye hakuna beki wa chuo aliyemuweza, alipoondoka Kansas mwaka 1958 bila kumaliza ilibidi azunguke msimu mzima na kikosi cha maonyesho cha Harlem Globetrotters akisubiri tarehe yake ifike.

Aliyeubomoa ukuta huo ni Spencer Haywood, mtoto wa mama mchuma pamba wa Mississippi. Akiwa na miaka 19 alikuwa ameshavaa dhahabu ya Olimpiki ya Mexico ya 1968. Mwaka 1970 timu ya Seattle ikampa mkataba kabla miaka yake minne haijatimia, na NBA ikaja juu. Haywood mwenyewe amesimulia jinsi mambo yalivyokuwa ugenini: mtangazaji wa uwanja anashika kipaza sauti na kuwaambia watazamaji kwamba leo kuna mchezaji haramu uwanjani, jezi namba 24, na chupa zinaanza kuruka. Machi 1971 suala hilo likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikaamua kwamba aachwe acheze wakati kesi yake ikiendelea. NBA ikaona maji yamezidi unga, ikamalizana naye.

Walichokibuni baada ya hapo ndicho kinachonichekesha. Iliwekwa kanuni ya dhiki: kijana anaweza kuondoka chuo mapema, ila aonyeshe kwanza kwamba familia yake ni ya shida. Hebu piga picha jitu la futi saba limepanga foleni kueleza kwamba nyumbani kwao hata sukari hakuna. Utaratibu huo uliendelea mpaka 1976, ulipofutwa na kila mwenye nia akaruhusiwa kujiandikisha.

Moses Malone hakusubiri hata hayo. Mwaka 1974 alikuwa amekwisha kubaliana na Chuo Kikuu cha Maryland, kisha Utah Stars ya ligi pinzani ya ABA ikaja na mkataba wa kumwaga wino. Akatoka sekondari moja kwa moja. Mwaka uliofuata Darryl Dawkins akafanya hivyohivyo kwenda Philadelphia. Halafu mlango ukawa kama umefungwa kwa miaka 20, hadi Kevin Garnett alipochaguliwa wa tano na Minnesota mwaka 1995.

Kwa nini 1995 na si 1985? Wengi watakwambia vipaji, watakwambia televisheni. Mimi natazama mshahara. Mwaka 1994 kijana aliyechaguliwa wa kwanza, Glenn Robinson, alisaini na Milwaukee mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 68 kabla hajacheza hata dakika moja. Wakongwe wa ligi wakanuna, wamiliki wakashtuka, na mwaka uliofuata ikawekwa jedwali la mishahara ya wachezaji wapya: ukichaguliwa namba fulani, malipo yako ni haya, hakuna kubishana. Lengo lilikuwa kubana matumizi. Matokeo yake yakawa kuwafukuza vijana vyuoni. Mkataba wa kwanza ukishakuwa wa bei ya kudumu, pesa nono inabaki kwenye mkataba wa pili, na anayeanza mapema ndiye anayeufikia mapema. Kila mwaka wa kukaa darasani ukawa mwaka wa kuisogeza mbali siku hiyo. Kobe Bryant aliifanya hesabu hiyo mwaka 1996, akachaguliwa wa 13. LeBron James akaifanya mwaka 2003, akachaguliwa wa kwanza.

Wapo walioifanya vibaya. Korleone Young alitoka sekondari mwaka 1998 akachukuliwa na Detroit katika raundi ya pili. Maisha yake yote ya NBA yalikuwa mechi tatu.

Je, wajua mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya NBA ni nani? Andrew Bynum, aliyeingia uwanjani na Lakers mwaka 2005 akiwa na miaka 18 na siku sita. Rekodi hiyo haitavunjwa hivi karibuni, maana mwaka huohuo ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba kuanzia 2006 Mmarekani lazima afikishe miaka 19 na upite walau msimu mmoja tangu amalize sekondari. Hapo ndipo yalipozaliwa maisha ya mwaka mmoja chuoni: kijana anaingia Agosti, anasoma kiasi cha kutofukuzwa, anacheza mashindano ya Machi, Juni yuko NBA. Kentucky ya kocha John Calipari iliufanya mtindo huo kuwa kiwanda. Mwaka 2012 ilitwaa ubingwa wa taifa, na miezi michache baadaye vijana wake wawili wa mwaka wa kwanza, Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist, wakachaguliwa namba 1 na namba 2.

Hakuna tukio lililouanika mpango huo kama la kiatu cha Zion Williamson. Februari 20, 2019, Duke, chuo cha Zion, walikuwa nyumbani na mahasimu wao North Carolina. Tiketi zilikuwa zikiuzwa mitaani kwa zaidi ya dola 2,000, na Barack Obama alikuwa amekaa karibu na mstari. Sekunde 33 tu tangu mpira uanze, Zion akafunga breki ili ageuke. Kiatu cha kushoto kikapasuka, mguu ukatokeza nje wote, goti la kulia likateguka. Kijana aliyejulikana nchi nzima kuwa atakuwa namba 1 mwezi Juni alikuwa ameketi sakafuni ameshika goti, na kwa kazi ya usiku ule kanuni hazikumruhusu kulipwa chochote zaidi ya gharama za masomo na maisha ya chuoni. Alipona, akarudi, akachaguliwa wa kwanza. Lakini kama kuna mtu bado anaamini mwaka ule ulikuwa kwa faida ya elimu yake, aitazame tena video.

Sasa hili la Wakongo watatu. Bismack Biyombo, kijana wa Lubumbashi, alionwa na kocha Mreno kwenye mashindano ya vijana huko Yemen, akapelekwa Hispania, na kutoka huko akaingia NBA mwaka 2011. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Texas, alikuwa amekubali kujiunga na chuo cha SMU, kisha mwaka 2014 akabadili mawazo na kwenda Guangdong, China, kwa dau la dola milioni 1.2, akaingia NBA mwaka 2015. Jonathan Kuminga wa Goma alipitia Ignite, timu ambayo NBA yenyewe iliianzisha mwaka 2020 ili kuwalipa vijana wasiotaka chuo, naye akaingia mwaka 2021. Njia tatu, mabara matatu, na hakuna hata mmoja aliyecheza chuo. Na wote watatu walichaguliwa namba ileile: ya 7.

Ukitaka Mkongo aliyefanya kinyume chao, yupo. Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson akamwona urefu ule, na udaktari ukaishia hapo. Alihitimu mwaka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia, akaanza NBA akiwa na miaka 25, umri ambao leo mawakala huuita uzee, na bado akacheza misimu 18. Kiu ya tiba haikumtoka: baadaye alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake.

Mama mwingine: Ione Duncan wa kisiwa cha St. Croix. Mwanawe Tim alikuwa mwogeleaji mpaka kimbunga Hugo kilipoharibu bwawa la kisiwa mwaka 1989. Ione alifariki kwa saratani siku moja kabla kijana hajatimiza miaka 14, akiwa amechukua ahadi kwa watoto wake kwamba watamaliza chuo. Tim Duncan angeweza kuondoka Wake Forest mapema akawa tajiri. Alikaa miaka minne yote, akachukua shahada ya saikolojia mwaka 1997, kisha akaenda San Antonio kubeba mataji matano.

Walioondoka mapema nao hurudi, na hapa ndipo hoja kwamba ukiondoka umekwisha huninyima raha. Michael Jordan alirudi kumalizia jiografia. Shaquille O'Neal alipohitimu LSU Desemba 2000, kocha wake wa Lakers alimpa ruhusa akose mechi. Davidson haitundiki jezi ya mchezaji asiyehitimu, hata awe nani, kwa hiyo jezi ya Curry ilisubiri mpaka alipomaliza masomo mwaka 2022, akiwa na mataji matatu ya NBA kabatini.

Ila hakuna aliyelipia joho lake kama Vince Carter. Mei 20, 2001, Toronto walikuwa na mechi ya saba, ya kufa na kupona, mjini Philadelphia. Asubuhi ya siku hiyo Carter alikuwa North Carolina, akakaa na wahitimu wenzake, kisha akapanda ndege binafsi kuwahi mechi. Jioni, zikiwa zimebaki sekunde mbili, Philadelphia wakiongoza 88 kwa 87, mpira ukamfikia yeye. Akarusha. Ukagonga chuma. Mashabiki wa Toronto walibishana kwa miaka kuhusu safari ile, kana kwamba joho ndilo lililorusha mpira.

Na wanawake je? Kwao kanuni ilikuwa ngumu zaidi: Mmarekani hakuingia WNBA mpaka awe na miaka 22 mwaka wa kuchaguliwa, au awe amehitimu. Hawakulalamika sana, na sababu iko kwenye risiti. Caitlin Clark alipochaguliwa wa kwanza mwaka 2024 baada ya miaka minne Iowa, mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola 76,535. Matangazo aliyofanya akiwa bado mwanafunzi yalikuwa yakimlipa mara nyingi zaidi ya hapo.

Matangazo hayo yaliruhusiwa kuanzia Julai 1, 2021, siku chache baada ya Mahakama ya Juu kuamua kwa kura 9 dhidi ya 0 kwamba chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hakiwezi kujificha nyuma ya neno ridhaa ili kubana marupurupu ya kimasomo ya wachezaji. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Tazama kilichotokea. Mwaka 2021 vijana 353 walijiandikisha kuingia NBA kabla ya wakati wao. Mwaka 2025 walikuwa 106. Timu ya Ignite ikafungwa mwaka 2024, maana chuo sasa kilikuwa kinalipa vizuri kuliko yenyewe. Miaka 50 ya mahubiri kuhusu thamani ya shahada haikuwabakiza vijana darasani. Hundi iliwabakiza ndani ya miaka minne.

Sasa msafara umegeuka. Egor Demin aliiacha Real Madrid kwenda kucheza chuo cha BYU, akakaa msimu mmoja na kuchaguliwa wa 8 mwaka 2025. Na Desemba mwaka huohuo Mnigeria James Nnaji, aliyekuwa amechezea Barcelona na kuchaguliwa NBA namba 31 tangu 2023, aliruhusiwa kuichezea Baylor. Makocha wa vyuo vingine walipiga kelele: mtu ameshachaguliwa, anarudije shule? NCAA ikasema Nnaji hajawahi kusaini mkataba wa NBA. Akavaa jezi, akaingia uwanjani.