Usomaji wa Jenomu na Tiba Mahsusi: Suala la Istilahi kwa Msikilizaji wa Griftu

1. Utangulizi

Jenomu ni jumla ya maagizo ya urithi yaliyomo katika seli za kiumbe. Ya binadamu ina herufi za kikemia zipatazo bilioni 3. Mradi wa kimataifa wa kuzisoma ulianza mwaka 1990 ukatangazwa kukamilika mwaka 2003, ingawa sehemu ngumu zilizosalia zilisubiri hadi mwaka 2022. Gharama ya kazi hiyo imeshuka mno, hata baadhi ya matabibu huchagua dawa na kipimo chake kwa kuangalia jeni za mgonjwa mwenyewe. Makala haya yanaeleza utaratibu huo na kuchunguza istilahi zinazoweza kuufikisha Griftu, katika Kaunti ya Wajir, ambako Kisomali ndicho kinachosemwa nyumbani na Kiswahili aghalabu hukutana na mgonjwa ofisini na hospitalini.

2. Jeni na Dawa

Dawa nyingi hubadilishwa na vimeng'enya vya mwili, na kila kimeng'enya huundwa kwa maagizo ya jeni. Kodeini, mathalan, hutuliza maumivu hasa baada ya kugeuzwa mofini na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Asiye nacho hapati nafuu ya kutosha. Mwenye nakala nyingi za jeni yake huweza kudhurika kwa wingi wa mofini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba takriban asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada, kiasi kinachowazidi mbali watu wa Ulaya Kaskazini.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Lapdap, dawa ya malaria iliyoanza kutumika Afrika mwaka 2003, iliondolewa mwaka 2008 kwa kuwa iliharibu chembe nyekundu za damu za wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo hurithiwa, nao umeenea hasa penye malaria.

Hata hivyo, haifai kumkadiria Msomali wa Griftu kwa takwimu za Waethiopia, sembuse za Wazungu, ambao ndio waliosomwa zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa mpango wa H3Africa walichapisha matokeo ya jenomu za Waafrika 426 wa makundi 50, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 zisizojulikana awali.

3. Istilahi na Hatari Zake

Kwanza, "tiba binafsi". Kwa kuwa "hospitali ya binafsi" ni ya kulipia, msikilizaji ataelewa tiba ya wenye fedha. "Tiba mahsusi kwa mgonjwa" haina utata huo.

Pili, "upangaji wa jenomu". Neno hili ladokeza kwamba mtaalamu huzipanga upya herufi hizo, hali yeye huzisoma tu kama zilivyofuatana. "Usomaji" ni sahihi zaidi, na humwondolea mtoa damu hofu ya kugeuzwa.

Tatu, "nasaba". Mswahili aweza kuliona lafaa kueleza urithi. Lakini katika Kisomali *nasab* huashiria pia utukufu wa ukoo, na kuhesabu mababu, yaani *abtirsiinyo*, ndiko kumtambulisha mtu na kabila lake. Akiambiwa kwamba nasaba yake itapimwa, mgonjwa ana haki ya kuuliza ni nani atakayehukumiwa. Heri neno la mkopo, "jeni", lisilo na deni la zamani.

Nne, "kasoro ya jeni" kwa kila badiliko. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko kadhaa ya jeni, yaliyotokea mbali na yale ya Ulaya, huwawezesha wafugaji wa Afrika Mashariki kumeng'enya maziwa ukubwani. Penye ngamia, badiliko la namna hiyo ni riziki. "Tofauti ya jeni" ndilo jina la haki. "Kasoro" ibaki kwa lile linalodhuru.

4. Hitimisho

Ridhaa ya mgonjwa ni ya kweli pale tu anapofahamu anachokiridhia. Griftu maelezo hupita lugha mbili kabla ya kumfikia, na kosa la istilahi ya Kiswahili huingia katika Kisomali pamoja na tafsiri. Kwa hiyo waundaji wa istilahi za tiba wanapaswa kuzijaribu mbele ya wakalimani na wazee wa mahali kabla ya kuzisanifisha, wala si baada ya fomu kupigwa chapa.