Vichekesho vya usiku: sifa hufika mapema, malipo hukawia

Kipindi kipya cha vichekesho na mahojiano ya usiku huhukumiwa haraka kuliko kipindi kingine chochote cha televisheni. Kikirushwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi vipande vyake vimeshasambaa kwenye simu za watu, na Jumapili kurasa za burudani zimeshatoa maksi. Ama mwendesha kipindi anaiga Wamarekani, na meza ile ile, kikombe kile kile, picha ya jiji nyuma yake. Ama, kwa bahati, hatimaye tumepata kipindi cha watu wazima kinachosema yanayosemwa mitaani. Ikifika wiki ya tatu, wahakiki wameshahamia kwingine. Hesabu za kipindi ndiyo kwanza zinaanza wiki hiyo, na ndizo zitakazoamua kama kutakuwa na msimu wa pili.

Nairobi na Dar es Salaam zimeona vipindi vya namna hii vikiibuka na kuzama tangu vituo vilipoongezeka kwa kuja kwa mfumo wa dijitali, Tanzania ikianza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012 na Kenya ikizima ya kwake 2015. Chaneli ziliongezeka sana. Fedha za matangazo hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na kila aliye kwenye biashara hii analijua hilo.

Mtayarishaji mmoja wa Nairobi, ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa sababu bado anadai, anaeleza jinsi kipindi kilichosifiwa kinavyoweza kumfilisi mwenyewe. Kipindi chake kilipendwa. Wahakiki walimsifu mwendesha kipindi kwa ulimi wake, na wageni walifika mahali wakawa wanaomba wenyewe kualikwa. Lakini mkataba ulikuwa wa kugawana mapato: kituo kinatoa muda wa hewani, yeye analeta kipindi kilichokamilika, fedha za matangazo zinagawanywa baada ya kuingia. Balaa lote liko kwenye huko kuingia. Mwenye bidhaa humlipa wakala wa matangazo baada ya miezi kadhaa. Wakala naye hukaa nazo kabla ya kukilipa kituo. Kituo kina mishahara yake na umeme wake kabla hakijamkumbuka mtu wa nje. Yeye yuko mwisho wa foleni. Wapiga kamera, mafundi wa taa na bendi hawangoji foleni hiyo. Wasipolipwa usiku ule, wiki inayofuata hawaji.

Kinachomuuma zaidi ni kodi. Nchini Kenya biashara yenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka lazima isajiliwe kwa kodi ya ongezeko la thamani, na milioni 5 si fedha nyingi kwa kipindi chenye studio na wapiga muziki. Akishatoa ankara, asilimia 16 inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kituo kiwe kimelipa au hakijalipa. Kwa maelezo yake, amekuwa akikopa benki kwa riba ili aipe serikali kodi ya fedha ambazo hajaziona. Akichelewesha ankara ili kodi isimfikie, kituo humjibu kwamba hakina ankara ya kulipia. Njia ya kudai kurudishiwa kodi ya deni lisilolipwa ipo kisheria, ila hufunguka baada ya miaka, si miezi, na mtu mwenye kampuni ya watu wachache hana pumzi ya kungoja hivyo.

Hasira yake nyingine ni kwa sisi waandishi wa magazeti. Tuliandika kwamba kadiri msimu ulivyosonga utani ulipoteza makali. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza kwa nini. Fedha zilipokwama, watu wa kwanza kuachishwa walikuwa waandishi wa utani, kwa kuwa hawaonekani kwenye kamera. Mwendesha kipindi akabaki ajiandikie mwenyewe, aalike wageni mwenyewe, kisha aingie jukwaani achekeshe.

Lawama hiyo ni ya haki, na inastahili kusikilizwa zaidi ya inavyosikilizwa. Kipindi kikubwa cha usiku cha Marekani, ambacho ndicho kipimo cha wahakiki wetu wengi, huajiri watu wapatao 200, wakiwamo waandishi wanaokusanyika asubuhi kusoma habari za siku ili utani wake uwe tayari jioni. Utani wa habari huchacha upesi. Wa Jumatatu hauchekeshi Ijumaa. Kwetu studio hukodiwa kwa siku, kwa hiyo sehemu kadhaa hurekodiwa kwa mkupuo mmoja na kurushwa kwa majuma yanayofuata. Kipindi kilichorekodiwa mwanzoni mwa mwezi hakiwezi kumcheka waziri aliyeteleza ulimi katikati ya mwezi. Kinachobaki ni utani wa mapenzi, wa makabila, wa wakwe, na mwanamuziki mwenye wimbo mpya. Mhakiki huita hali hiyo woga au uvivu. Mara nyingi ni kodi ya studio.

Suala la saa nalo lina uzito wake. Kenya, taarifa ya habari ya Kiswahili ni saa moja usiku na ya Kiingereza saa tatu. Tanzania taifa huketi mbele ya televisheni saa mbili. Huko ndiko matangazo ya bei ya juu yaliko. Vichekesho vya usiku huanza saa nne na kuendelea, baada ya watoto kulala, wakati kanuni za utangazaji za Kenya zinaporuhusu maudhui ya watu wazima hadi saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana wadhamini wa asili wa saa hizo wamekuwa pombe na kamari, na hao hawategemeki. Sheria ya fedha ya Kenya ya 2022 iliwawekea ushuru wa asilimia 15 juu ya ada za matangazo ya pombe na michezo ya kubahatisha. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na yaliporuhusiwa tena yalirudi na masharti mapya. Mtu hawezi kubisha kwamba kamari imeumiza familia nyingi. Mwandishi huyu anaona hatua hiyo ilihitajika. Lakini hakuna aliyekaa chini na watayarishaji kuuliza nani atajaza pengo hilo saa nne usiku, na hadi sasa wenye benki, simu na sabuni hawajajitokeza kwa wingi.

Vituo vina hoja yao, na siku hizi huja na tarakimu ya Marekani mkononi. Mkuu wa vipindi katika kituo kimoja, naye kwa sharti la kutotajwa, anasema hata huko ulikozaliwa mtindo huu tangu 1954 umekufa kibiashara. Julai 2025 ilitangazwa kwamba kipindi kilichoongoza kwa watazamaji katika saa yake kingefungwa Mei 2026, na vyombo vya habari vikaandika kuwa kilikuwa kikipoteza dola milioni 40 kwa mwaka. Kama wao wameshindwa, anauliza, sisi ni nani?

Tarakimu hiyo imesafiri mbali, na inafaa kuitazama kwa jicho la pili. Ilitolewa na watu wasiotajwa majina, katika mwezi ule ule ambao kampuni mama ilikuwa imekubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi iliyofunguliwa na rais, huku ikingoja idhini ya serikali ili iuzwe. Kampuni ilishikilia kwamba uamuzi ulikuwa wa kifedha tu. Huenda ni kweli. Kushuka kwa mapato hakubishaniwi: takwimu za kampuni inayofuatilia matangazo zilionyesha vipindi vya usiku vya mitandao mikubwa viliingiza dola milioni 439 mwaka 2018 na takriban milioni 220 mwaka 2024. Lakini nusu ya mapato kupotea ni jambo moja, na hasara ya milioni 40 kwa kipindi kimoja ni jambo jingine. Hesabu kamili za kipindi hicho hazikuwekwa mezani. Septemba 2025, miezi miwili baada ya tangazo la kufungwa, kipindi hicho hicho kilishinda tuzo kubwa kuliko zote za televisheni ya Marekani katika kundi lake. Kwa mkuu wa vipindi wa Nairobi kuitumia tarakimu hiyo kumpunguzia malipo mtayarishaji ambaye bajeti yake ya msimu mzima ni ndogo kuliko ya kipindi hicho kwa usiku mmoja, hoja haisimami.

Upande wa serikali, afisa mmoja anayefuatilia sekta ya utangazaji anaikataa picha hii ya huzuni. Anaelekeza kwenye kanuni: vituo vya Kenya vinatakiwa kurusha angalau asilimia 40 ya maudhui ya ndani, kwa lengo la kufika 60, na kwa maoni yake hilo ni soko lililohakikishwa kwa wachekeshaji. Asilimia hiyo hurudiwa katika kila hotuba kuhusu ubunifu na ajira za vijana. Shida ni kwamba inapima saa. Haisemi kituo kililipa nini kwa saa hizo, wala kama kililipa chochote. Kipindi ambacho mtayarishaji amekinunulia muda wa hewani kwa fedha zake mwenyewe, na wapo wanaofanya hivyo, kinahesabiwa kuwa mafanikio ya maudhui ya ndani sawa na kile kilicholipiwa na kituo. Afisa huyo alipoulizwa kama kuna sharti lolote la muda wa kulipa, alirudi kwenye asilimia.

Tanzania ina kidonda chake cha zamani ambacho kila mchekeshaji anakijua. Kundi lililovuma kwenye televisheni moja ya Dar es Salaam katika miaka ya 2000 lilihamia kituo kingine, na likajikuta haliwezi kuondoka na jina lililolipatia umaarufu, lilibidi libadilishe. Watu walikuwa walewale, jasho lao lile lile, lakini jina lilibishaniwa. Tangu hapo wanaosaini mikataba wanapaswa kuuliza mapema nani mwenye jina na nani mwenye vipande vitakavyosambazwa mtandaoni. Wengi bado hawaulizi. Njaa ya kuonekana ni kubwa, na mwanasheria ana bei.

Halafu kuna hofu, ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote. Mwaka 2020 mchekeshaji maarufu nchini humo alishikiliwa na polisi baada ya kusambaa video yake akiicheka picha ya zamani ya rais. Mdhamini hahitaji sababu nyingine ya kujiondoa. Kenya imekuwa na nafasi pana zaidi, na kipindi cha vikaragosi vya wanasiasa kilichoanza 2009 kwa mfano wa Kifaransa kiliwacheka wakubwa waziwazi. Lakini hata hicho kilitegemea sana fedha za wafadhili. Waliokisifu hawakuwa ndio waliokilipia.

Je, mtandao utaokoa? Wengi wanaamini hivyo, na kuna sababu. Mtandao mkuu wa video humpa mwenye maudhui asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwa video ndefu, hulipa kila mwezi, na haumdai ankara. Baada ya kungoja kituo kwa miezi, hilo ni nafuu kubwa. Mtazamaji aliye Minnesota, London au Muscat huingiza fedha nyingi kuliko wa Nakuru au Morogoro, kwa kuwa watangazaji wa bidhaa wa huko hulipa zaidi, na ndiyo maana baadhi ya vipindi sasa huwaalika wageni wa ughaibuni. Lakini mapato ya watazamaji wa nyumbani ni haba, na mfumo wenyewe hupendelea vipande vifupi, ambavyo mgawo wake kwa mwenye maudhui ni asilimia 45. Mahojiano ya nusu saa, ambayo ndiyo moyo wa kipindi cha usiku, hukatwakatwa hadi kubaki kicheko na mshangao.

Serikali nazo zimefuata fedha huko. Kenya iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali mwaka 2023, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupingwa, na Tanzania nayo imeweka asilimia 5. Kwa Tanzania kulikuwa pia na leseni ya maudhui ya mtandaoni ya mwaka 2018, ambayo ada zake kwa jumla zilifika kama shilingi milioni 2.1 kabla ya kupunguzwa. Asilimia 5 inavumilika. Wasiwasi wa wenye biashara ni kwamba imeingia ikiwa ndogo na huenda isibaki ndogo.

Kwa sasa fedha ya uhakika iko ukumbini. Kiingilio hulipwa kwa simu kabla ya mtu kuketi, na wachekeshaji kadhaa wa Nairobi na Dar wanautumia usiku wa jukwaani kugharimia kurekodi, wakigeuza hadhira iliyolipa kuwa hadhira ya kipindi. Mpango huu unaweza kudumu kwa walio na majina. Kwa anayeanza, ambaye hakuna atakayemlipia kiingilio kabla ya kumwona kwenye televisheni, sioni unavyomsaidia, na wahakiki wanaolalamika kwamba sura ni zilezile kila msimu wangefaa kuliandika hilo.

Mtayarishaji wa Nairobi anataka kurudi. Masharti yake ni mawili: nusu ya fedha kabla ya kamera kuwashwa, na haki za vipande zibaki kwake. Kituo anachozungumza nacho kimekubali la pili. La kwanza hakijalijibu.