Nyumba ni yako, lakini mufereji ni wa nani?

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama wa makambi, leo nataka tuongee juu ya nyumba zetu.

Siku kampani ilitupatia makaratasi, kambi yetu ilicheza mpaka asubui. Nyumba 64 zilizojengwa wakati wa Wabeleji zilikuwa sasa zetu. Lakini hatukusoma vizuri. Karatasi ilisema nyumba. Mufereji wa mayi machafu, bomba kubwa la mayi, njia ya katikati: vile vyote havikuandikwa kwa jina la mutu.

Zamani, mufereji ukiziba, kampani ilituma watu. Wazee wetu waliishi namna ile tangu mwisho wa miaka ya 1920, wakati Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi mu makambi pamoja na bibi na watoto. Nyumba, posho, hospitali, masomo, vyote vilitoka kwa kampani. Mpaka leo ile siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho. Ilikuwa musaada, ilikuwa pia kamba mu shingo: ukifukuzwa kazi, unatoka na mu nyumba.

Mvua ya kwanza nyuma ya ile furaha, mufereji uliziba mbele ya nyumba ya mama mujane mumoja. Mayi machafu iliingia mpaka mu chumba cha watoto. Jirani wa juu akasema: "Haiko mbele ya kwangu." Jirani wa chini akasema: "Miye nyumba yangu nilikwisha kulipa." Na mimi, mutu wa sendika, ninayesimama mbele ya wakubwa kudai haki, nilisema tungojee kampani. Siku tatu yule mama alitosha mayi na ndoo. Nasikia haya mpaka sasa.

Pale tukafanya komite ya wenye nyumba. Mwaka wa kwanza ilikufa. Tulichagua prezida, tukamupa feza zote yeye peke yake. Mwezi wa ine feza ikaisha, na mufereji ulikuwa vile vile. Pengine hakuiba. Lakini hakukuwa kaye, kwa hiyo hata kama alikuwa mwaminifu, hakukuwa namna ya kujitetea.

Mara ya pili tulipanga hivi. Mumoja anachunga sanduku, mwingine anachunga lufungulo, wa tatu anaandika mu kaye. Kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi, kaye inasomwa kwa sauti chini ya muembe, mbele ya wote: nani alilipa, simenti ilinunuliwa wapi, ilibaki ngapi. Asiye na feza analeta mikono: anashika mupao, tunamuandikia siku yake kama malipo. Wazee wasioweza mupao, watoto wa jirani wanafanya mu nafasi yao. Wapangaji nao wanakaa mu mukutano na kusema, kwani wanakunywa mayi ile ile. Na hakuna kumukatia mutu mayi juu ya deni.

Kazi nguvu kuliko zote ilikuja usiku mumoja. Tulisikia mapiki. Mwenye nyumba mumoja alikuwa ameleta wachimbaji nyuma ya jiko lake. Tulipomuuliza, akajibu: "Parsele ni yangu."

Kila mutu wa Kolwezi anajua Kasulo. Mu 2014 mutu alichimba pale kwake akakuta mawe ya kobalti, na nyuma kidogo kartie ikajaa mashimo, mengine mu vyumba vya kulala. Na sheria iko wazi: utajiri wa chini ya udongo ni wa Serikali. Code minier ya 2002, iliyogeuzwa mu 2018, inaruhusu wachimbaji wa mikono mu zone zao tu, na karata yao. Karatasi ya nyumba haikupi mugodi.

Lakini sheria peke yake haikutosha mu mukutano. Nusu ya vijana walitaka kuchimba nao, kazi hawana. Na mimi ni mutu wa mugodi, siwezi kusema shimo ni zambi. Ni yule mama mujane aliyesimama na kuuliza: "Shimo likifika chini ya ukuta wangu, nani atanijengea nyumba ingine?" Hakuna aliyejibu. Tulinyoosha mikono: hakuna kuchimba mu kambi.

Yule jirani alifunika shimo. Alikuwa anatafuta feza ya masomo ya mutoto, na sanduku letu halikuweza kumusaidia. Mutoto alikaa nyumbani. Mpaka leo yeye hanisalimii, na ninamuelewa. Tangu siku ile tunaweka feza kidogo pembeni kwa masomo. Haijatosha bado.

Wandugu, mambo mawili. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Kinachoonyesha haki yako ni certificat d'enregistrement. Kama uko na karatasi ya kampani tu, wende kwa conservateur, usingojee kufa ndipo watoto wahangaike. La pili: mwenye kutaka kununua kambi haanzi na nyumba zote. Anaanza na ile yenye njaa zaidi. Kama hamukusaidiana juu ya mufereji, siku ile hamutasaidiana juu ya bei.